Shati Moja, Watu Ishirini na Tisa

Baraka, 3 Machi 2003

Yaya Kulthumu,

Asalam aleikum. Nafikiri barua hii itakukuta muzima, we na shemeji Fadhili na mutoto wenu Sumaya na jino yake ile ilikuwa inatikisika. Mi niko muzima. Nakula, nalala, nacheka.

Nilifika Kazimia na mutumbwi wa Bonaventure. Mashini ilizima mara tatu katikati ya ziwa, na kila mara Bonaventure aliniangalia kama vile mi njo nimeizima. Toka Kazimia nikapanda lori ya mihogo paka Baraka. Nyumba yetu iko. Mabati hakuna, milango hakuna, lakini kuta zimesimama, na mbuzi ya jirani imezalia ndani ya chumba chako. Nikaanza kupiga picha na kamera yangu ya video siku ile ile: barabara, soko, musikiti. Niliahidi bantu ba kambi ya bakimbizi kwamba nitawaletea Baraka ndani ya kasete, kila muntu aone fasi aliyoacha, na nataka kutimiza.

Kwa sasa nimepata fasi ingine ya kukaa, si kwetu. Ni nyumba mukubwa, tuko bantu thelathini na moja, bazuri sana. Mulango unafungwa mapema kidogo. Kazi inaenda pole pole juu batri iliisha. Nitumie sabuni mbili na ile karatasi ya kambi yenye jina yangu na picha. Hapana haraka.

Nisalimie Mama. Mwambie nilitaka kumuaga, lakini siku ile alikuwa ameenda kuchukua unga.

Ni mi mudogo wako,
Swedi


Nyarugusu, 29 Machi 2003

Mdogo wangu Swedi,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Jino la Sumaya limeng'oka na amelipoteza, tumelitafuta kambi nzima. Fadhili anafundisha darasa la watoto tisini na anarudi nyumbani hana sauti, kwa hiyo nyumba imetulia. Mama mzima. Shangazi anakusalimu, majirani wa kushoto wanakusalimu, fundi wa redio anakusalimu na anauliza koleo lake.

Halafu, hili la kuniita Yaya. Nyumbani sawa, yaya ni dada mkubwa. Hapa Tanzania yaya ni mtu wa kubembeleza watoto wa wenzake. Nilisoma barua yako kwa sauti kwenye foleni ya maji, wakanicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nikawaambia hawajakosea sana.

Sasa tuzungumze. Nyumba kubwa, watu thelathini na mmoja, mlango unafungwa mapema. Unafungwa na nani, Swedi? Kutoka ndani au kutoka nje? Mtu aliyefika mjini kwao salama haombi karatasi yenye jina na picha. Nilikaa na barua yako siku mbili, kisha nikamtuma Fadhili Kigoma amuulize Bonaventure. Bonaventure ni mtu wa kuficha mambo, lakini hakuchukua hata dakika kumi. Alisema, "Yuko ndani. Walimshika na kamera yake."

Nakutumia sabuni nne na karatasi. Kuhusu Mama, sijamwambia. Ulipoondoka bila kumuaga alisema neno moja tu, na neno hilo siliandiki.

Niandikie ukweli, wote, na uandike kwa mwandiko unaosomeka.

Dada yako,
Kulthumu


Baraka, 20 Aprili 2003

Yaya Kulthumu (nitaendelea kukuita hivyo, na bantu ba foleni bacheke),

Sabuni zilifika. Moja nilioga, tatu ziligawanywa kwa bantu bote kabla sijavaa suruali. Salamu nimezipata za kila muntu, paka fundi wa redio. Nilihesabu majina mara mbili. Mama haiko.

Haya, ukweli. Balinishika siku ya pili. Nilikuwa ku ziwa napiga picha bamama banaanika ndagala. Nyuma yao kulikuwa mitumbwi ya basoda benye bunduki, mi sikuiona hata. Soda mumoja akakuja.

"Unapiga picha ya nini?"

"Ya ziwa."

"Ziwa imekufanya nini, hata uifunge ndani ya sanduku?"

Bengine bakacheka, na mi nikacheka, na hapo njo nilikosea. Bakasema mi ni mupelelezi. Habakunipiga sana. Tuko ndani ya hangari, gala ya zamani ya pamba, karibu na ziwa; sasa njo buloko, gereza yao. Muchana mulango wa mbele iko wazi na tunakaa mu kiwanja, saa kumi na moja banatuingiza. Anayekuwa na familia analetewa chakula. Asiye na familia anakula kwa Émilienne.

Émilienne alikuwa anauza mafuta ya mawese. Balikuja kumushika bwana yake, bwana akatoka na dirisha, bakachukua bibi. Amekaa miezi saba. Analala peke yake mu stoo, na funguo ya stoo anashika yeye mwenyewe, hata mukubwa wa buloko anabisha hodi. Anapika sombe ya majani ya mihogo ndani ya pipa na anatusema bote kama batoto bake.

Kuko pia Élie na Alphonse. Élie anachunga ng'ombe kule juu, Bibokoboko. Alphonse analima. Ng'ombe ya Élie ilikula maharagi ya Alphonse, bakakuja bote babili kushitaki, bakafungwa bote babili. Leo ni mwezi wa nane. Banalala mukeka moja, na kila asubui banaanza upya: Alphonse, yalikuwa mistari mitano ya maharagi; Élie, hapana, yalikuwa mitatu.

Na muzee Anatole wa Mboko. Yeye hakushitakiwa kitu. Alikuja kuwa shahidi juu ya mutumbwi ulioibiwa. Baliambia muzee, "Ngoja kidogo." Anangoja miezi kumi na ine.

Yaya, bantu thelathini na moja, na dosie za kesi ziko ine tu mu biro ya mukubwa. Bengine hakuna karatasi hata moja inayosema balikuja.

Sasa sikiliza. Mukubwa wa hapa ni Norbert, cheo yake Ajida. Si muntu mubaya, ni muntu aliyechoka. Juzi aliniita mu biro. Kamera yangu ilikuwa juu ya meza, anaigeuza geuza kama mayai.

"Fungua hii," akasema. "Inakataa mi tu?"

"Batri imekufa, Ajida."

Akaniambia kwamba ameandika kwa bakubwa bake mara ine kuomba mabati na unga wa bafungwa. Habakujibu. "Barua habasomi," akasema. "Labda batatazama." Akabeba batri ku paroisse ya bapadri juu ya kinga, baiskeli yake mwenyewe, ile fasi bako na grupu ya moto ya kuchaji.

Siku ya kwanza aliandika maneno na kuwapa bafungwa basome mbele ya kamera: "Tunatunzwa muzuri, ila mabati tu." Bakasoma, mumoja mumoja, mikono chini, macho juu. Nikamuonyesha Norbert mu kioo kidogo. Akatazama paka mwisho, akaondoa kofia.

"Banaonekana kama bantu banaosoma matanga yao," akasema. "Waache baseme benyewe."

Basi niko na kazi, Yaya. Kazi ya ndani, usafiri hakuna. Nitumie kasete mbili.

Swedi


Nyarugusu, 8 Juni 2003

Swedi,

Salaam. Barua yako ilichukua wiki saba kufika. Upande wenu kulisikika milio ya risasi, boti zikakaa Kigoma na Bonaventure akakaa kijiweni akisimulia safari zake. Kila alipokuja mtu wa kambini kutoka Kigoma nilimsikiliza akizirudia, nikitafuta jina lako katikati ya uongo wa Bonaventure. Leo ndiyo nimekaa vizuri kwenye kiti.

Sisi wazima. Sumaya amekuwa wa tatu darasani na anadai alikuwa wa pili. Nimeshona sare za shule hamsini na vidole vyangu vimekuwa kama vya mvuvi. Mama anakula na anaswali. Jana aliniuliza, "Huyo wa kamera bado yupo?" Nikasema yupo. Akaendelea kuchambua mchele. Kwa hiyo anajua. Nani amemwambia sijui, ila Fadhili amepata sauti ghafla siku hizi.

Kasete mbili hizi hapa, fundi wa redio amezitoa, na bado anataka koleo.

Nimeifikiria hiyo filamu yako mashineni siku nzima. Nakwambia jambo moja, ulisikilize. Usiwaulize walifanya nini. Wakijibu hilo, kila anayetazama anageuka hakimu, huyu amekosea, huyu hakukosea. Waulize jina, jina la baba, kijiji, tarehe waliyoingia. Kisha waulize: nani anakungoja? Hapa kambini kuna watu wa Mboko, wa Kazimia, wa Fizi, wa kule milimani. Wamekaa na habari za nusu nusu miaka mitano. Mtu akisikia jina lake likitajwa humo ndani hatakaa kimya.

Na ujifunze kunyamaza baada ya kuuliza. Wewe una tabia ya kujibu maswali yako mwenyewe.

Kulthumu


Baraka, 2 Julai 2003

Yaya,

Salamu kwa bote. Kasete nimezishika. Koleo ya fundi iko, mwambie ndiyo inafunga waya ya batri, bila yeye hakuna filamu.

Nilifanya kama ulisema. Lakini kwanza kulikuwa shida ya nguo. Muzee Anatole alisema hawezi kusimama mbele ya kamera na singileti iliyopasuka, bantu ba Mboko batamuona. Bengine bakasema vile vile. Ndani ya hangari yote kulikuwa shati moja nyeupe, ya Alphonse, ile alivaa siku alikuja kushitaki. Émilienne aliifua, akaipiga pasi na sufuria ya moto. Anavaa mumoja, anasema, anavua, anavaa mwengine. Ilitumika na banaume ishirini na tisa ndani ya siku tatu. Élie ni murefu, mikono inaishia ku viwiko. Kuko mumoja mufupi anaitwa Bertin, ilimufika ku magoti. Alphonse alisimama kando muda wote akilia, "Usikunje kola! Usikunje kola!"

Émilienne alikataa shati. Alivaa kitenge chake na kusema: "Mi ni Émilienne wa Kazimia. Niko hapa fasi ya bwana yangu. Kama ananiona, nyumba iko na mulango pia, si dirisha tu." Norbert alitoka inje kucheka.

Élie na Alphonse balitaka kupigwa picha pamoja. Nikauliza Alphonse, nani anakungoja? Akasema mama yake. Nikauliza Élie. Akasema batoto bane, na akanyamaza, na mi nikanyamaza kama ulinifundisha. Halafu Alphonse akasema kwa sauti ndogo, "Yalikuwa mistari mitatu." Élie akamuangalia. "Mitano," akasema. "Nilihesabu." Toka siku ile habajabishana tena.

Mwisho nikageuza kamera kwa Norbert. Hakuomba shati. Nikamuuliza na yeye kwa nini iko hapa. Akatengeneza kofia. "Niko hapa," akasema, "juu hakuna muntu aliyeniambia niende."

Paroisse balitunakilia filamu, na kasete moja Norbert ametuma kwa bakubwa bake. Ya pili iko mukononi mwako sasa. Namna ilitoka sitaandika. Ukiifungua na inanuka ndagala, usiulize.

Mama amesema nini?

Swedi


Nyarugusu, 17 Agosti 2003

Swedi mdogo wangu,

Salaam aleikum na heri nyingi. Kasete ilinuka dagaa. Sikuuliza.

Tuliionyesha Jumamosi mchana kwenye darasa la Fadhili. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, fundi wa redio akaleta televisheni na betri ya gari. Nilitegemea watu thelathini. Walikuja hadi wakakaa juu ya madawati, na wengine wakatazama kupitia matundu ya ukuta.

Mwanzo ilikuwa kicheko. Walipomwona wa tatu na shati lile lile, wakaanza kucheka. Bertin alipotokea limemfika magotini, mama mmoja alianguka kwenye benchi. Wakawa wanangoja shati, si mtu: "Sasa litamkaa vipi huyu?" Nikaona aibu, nikafikiri tumeharibu. Kisha kama kwenye mtu wa kumi hivi, kicheko kikapungua. Hakuna aliyewaambia. Walielewa wenyewe kwa nini shati ni moja.

Akaja mzee Anatole. Akasema jina, jina la baba, Mboko. Ukamuuliza nani anamngoja. Akafikiri, akasema, "Bibi yangu Immaculée. Yeye anakasirika sana nikichelewa."

Nyuma kabisa mwanamke akapiga kelele. Immaculée unamjua, yule wa mtaa wa tano anayeuza vitumbua. Mwaka jana aliletewa habari kwamba mumewe amekufa. Alikaa matanga. Mimi mwenyewe nilimpelekea chai. Akapita juu ya vichwa vya watu mpaka mbele, akasimama kwenye televisheni, na unajua alisema nini? Alisema, "Umechelewa kweli! Anatole, umechelewa kweli!" Akaipiga ile televisheni kofi, halafu akaikumbatia, na fundi akawa anapiga kelele kuhusu nyaya. Swedi, watu walilia hadi Fadhili akasimamisha kasete.

Tulianza upya mara tatu kabla ya magharibi. Watu kumi na mmoja walitambuliwa na jamaa zao.

Mle ndani alikuwepo mwanasheria mmoja wa Uvira, Maître Pulchérie, aliyekuja kambini kuandika habari za wakimbizi. Alikaa mara zote tatu na daftari. Ameandika majina yote thelathini, na tarehe, na vijiji. Amenakili kasete; nilimwambia aliyepiga picha ni mdogo wangu, mtu wa Baraka. Aliniambia, "Mama, orodha ninazo nyingi. Sijawahi kuwa na orodha inayonitazama." Ameondoka nayo kwenda Uvira, kwa mahakimu.

Mama hakuja kutazama. Alisema ana nguo za kufua. Alifua nguo safi.

Kulthumu


Baraka, 30 Septemba 2003

Yaya Kulthumu,

Asalam aleikum. Natumaini nyote muko bazima na televisheni imepona.

Habari ni mukubwa. Wiki iliyopita juge, hakimu mwenyewe, alikuja kutoka Uvira na bato ya ziwa, pamoja na Maître Pulchérie na mufuko wa karatasi. Banasema sasa Kinshasa kuko serikali moja na kila fasi lazima ifuate sheria. Juge alikaa mu kiwanja juu ya kiti ya Norbert. Akaomba dosie, Norbert akaleta ine. Akaomba zingine. Norbert akasema, "Hakuna. Niliandika kuomba karatasi pia." Juge akatoa orodha yake, ile ya filamu, na akaanza kuita.

Anaita jina, muntu anasimama, juge anaangalia uso, anasema, "Ndiyo, nimekuona." Alimuona kila muntu mu kasete, Yaya. Alijua hata Émilienne. Akamuambia, "Mama wa dirisha," na Émilienne akafunika mudomo.

Bantu ishirini na sita balitoka siku ile. Bane bako na dosie, bao batasikilizwa kwa haki mwezi ujao. Élie alipanda mulima na Alphonse akamusindikiza nusu ya njia. Muzee Anatole hakujua aende wapi kwanza. Alifika ku mulango, akarudi, akauliza, "Naweza kweli?" Norbert akamushika mukono akamuvusha.

Basi tumebaki hangari mukubwa na bantu batano. Upepo unapita muzuri.

Musalimie Mama.

Swedi


Nyarugusu, 14 Oktoba 2003

Swedi,

Salamu nimeziacha kwa Fadhili, atakuandikia zake.

Thelathini walikuwa kwenye filamu. Ishirini na sita wametoka, wanne wana dosie. Wewe umeandika mmebaki watano.

Hakimu hakukuuliza wewe ni nani? Na kama alikuuliza, ulijibu nini?

Kulthumu


Baraka, 9 Novemba 2003

Yaya,

Asalam aleikum na Ramazani njema. Barua yako nilisoma nimesimama, na kisha nikakaa.

Ndiyo, aliniuliza. Juge alimaliza orodha yake, akaniona na kamera. "Na wewe?" Nikasema, "Mi njo wa kamera." Akasimama, Yaya, akanipa mukono mbele ya bantu bote. Akasema bila kazi yangu hangejua hangari hii iko. Alifikiri mi ni mufanyakazi wa Maître Pulchérie, na Maître alifikiri nalala kwetu na ninaingia muchana tu kupiga picha. Juu ndani ya filamu yote mi siko. Niliuliza bantu thelathini jina yao, na yangu sikuisema.

Nilifungua mudomo. Lakini namna gani nimuambie muntu aliyenishika mukono vile kwamba mi pia ni mufungwa, na sina dosie, na saa kumi na moja banafunga mulango juu yangu? Niliona haya. Nilifikiri nitasema kesho. Bato ikaondoka siku ile ile. Norbert akaogopa kuniachilia bila karatasi, baada ya juge kuhesabu kila kitu. Na wewe sikukuandikia, juu nilijua utaandika vile vile umeandika.

Barua yako nilimupa Norbert asome. Akasoma mara mbili. "Huyu dada yako," akasema, "angekuwa Ajida, mi ningekuwa na mabati." Kisha akachukua kamera.

Mara ya kwanza alipiga miguu yangu tu. Mara ya pili kichwa hakuna, ninaongea kama nguo inayotundikwa. Ya tatu ilikuwa sawa. Aliuliza kama mi nilivyokuwa nauliza. Jina? Swedi Saleh. Baba? Saleh Mukamba, marehemu. Wapi? Hapa hapa Baraka. Tarehe ya kuingia? Tarehe kumi na nane ya mwezi wa pili.

"Nani anakungoja?"

Yaya, mi niliwauliza bengine swali hili mara thelathini na sikujua namna linaumiza. Norbert alinyamaza. Nilimufundisha mi mwenyewe kunyamaza! Nikasema, "Mama yangu." Halafu nikasema, "Lakini sijui kama bado ananingoja." Na kasete ikaendelea kuzunguka.

Maître Pulchérie alirudi kwa kesi za bale bane. Alitazama, akafunga macho, akasema maneno ya Kifaransa nisiyoyaandika Ramazani. Karatasi yangu ilitoka Uvira ndani ya siku tisa. Tangu Jumatatu niko inje.

Nalala kwetu. Mbuzi nimewarudishia benyewe. Mabati hayajafika ku hangari wala kwetu, kwa hiyo mi na Norbert tunalalamika pamoja. Lakini sasa kuko kitabu ku mulango. Kila anayeingia anaandikwa jina, siku, sababu na nani anamungoja, na juge anakuja kila mwezi kukisoma. Mwezi huu aliachilia babili siku ile ile aliyofika. Soko pia tumeionyesha filamu, na bantu bakaanza kuuliza juu ya bengine, bale ba buloko zingine. Mukubwa wa kasho moja, buloko ndogo kule juu Fizi, ametuma neno kwamba na yeye anataka. Nafikiri anataka mabati.

Nitaenda. Sirudi kambi, Yaya, hii njo nilitaka kukuambia na nimezunguka karatasi mbili. Kazi yangu iko huku. Nakutumia ile kasete alipiga Norbert. Uitazame peke yako. Mama usimuonyeshe.

Swedi


Nyarugusu, 4 Desemba 2003

Swedi mdogo wangu,

Waaleikum salaam, na Idi imepita vizuri. Sumaya alikula hadi akalala sebuleni na kijiko mkononi. Fadhili mzima. Immaculée amefunga biashara ya vitumbua, anarudi Mboko. Amenunua viatu vipya vya kwenda kumgombeza mumewe.

Uliniambia nitazame peke yangu. Nilianza peke yangu. Fundi aliweka kasete, nikakaa, na nyuma yangu nikasikia mtu anavuta kiti. Mama alikuwa amenifuata kutoka nyumbani, hatua kwa hatua, bila kusema. Ningemfukuza vipi?

Alitazama miguu yako. Alitazama nguo isiyo na kichwa. Ukaja uso. "Amekonda," akasema, maneno ya kwanza juu yako tangu Juni. Norbert akauliza swali lile, ukajibu vile ulivyojibu. Mama akamwambia fundi arudishe. Ukajibu tena. Akasema arudishe. Mara ya nne akasimama, akatoka.

Nilimkuta nyumbani anafunga mkeka. Neno alilosema ulipoondoka sasa naweza kuliandika. Alisema, "Simngoji." Alilisema mara moja na akalishika miezi tisa. Na usiku wa siku zote hizo, Swedi, sufuria yako ilikuwa na chakula, na asubuhi Sumaya alikila, na hakuna aliyeruhusiwa kusema kitu. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza, na mimi pia namwogopa.

Unajua alivyoapa tulipovuka mwaka ule wa vita, akitapika pembeni ya boti, kwamba hatalivuka ziwa tena hata afuatwe na nani. Nilimkumbusha. Akaniambia, "Kiapo kilikuwa cha kuja huku. Cha kurudi sikuapa." Nikasema nyumba haina bati. Akasema, "Ina kuta?" Nikasema subiri nimwandikie kwanza. Akasema, "Andika. Nitaipeleka."

Anasafiri na Immaculée. Bonaventure ameonywa kuhusu mashine yake. Usimwombe Mama radhi hapo ufukweni mbele ya watu, hatapenda. Mpokee mzigo kwanza, mkeka kabla ya sufuria. Atakukataza kumshika mkono kushuka. Mshike.

Barua hii hukupewa na Bonaventure. Acha kusoma sasa, Swedi, Mama amesimama kwenye jua kali.

Kulthumu